Vipele Baada ya Kumeza Dawa: Wakati wa Kwenda Zahanati na Wakati wa Kukimbilia Hospitali

Mtu anapoanza dawa mpya, na siku chache baadaye mwili ukaanza kuwasha na kutoka vipele, kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoitupa dawa kimyakimya na kukaa nyumbani. Wapo wanaoendelea kuimeza huku wakipaka mafuta, wakiamini upele utapita wenyewe. Yote mawili yanaweza kumletea mgonjwa madhara makubwa.

Wakazi wa Kaunti ya Kilifi wana sababu ya kulielewa jambo hili vizuri. Kifafa kinawagusa watu wengi katika eneo hili, na dawa zake za kawaida ni miongoni mwa zile zinazojulikana kuamsha ngozi. Wanaoishi na virusi vya HIV hupewa dawa zenye salfa ili kuzuia magonjwa nyemelezi. Akina mama wajawazito humeza dawa ya salfa ya kuwakinga dhidi ya malaria wanapohudhuria kliniki. Wazee wengi wako kwenye dawa za shinikizo la damu. Kati ya hawa wote, walio wengi hawatapata tatizo lolote. Makala haya yanawalenga wale wachache watakaolipata, pamoja na jamaa zao watakaolazimika kuamua la kufanya.

Kwa nini ngozi huikataa dawa

Kinga ya mwili imeumbwa kupambana na vijidudu. Wakati mwingine huichukulia dawa kama adui na kuanza kuishambulia, na vita hivyo huonekana kwenye ngozi. Huo ndio mzio, ambao wengi huuita aleji. Si lazima dawa iwe mbovu au imepitwa na wakati. Dawa nzuri, iliyotolewa na mhudumu aliyefuzu kwa kipimo sahihi, inaweza kumfaa mtu mmoja na ikamletea vipele ndugu yake wa tumbo moja.

Dawa zinazosababisha vipele mara nyingi zaidi zinajulikana. Kuna jamii ya penisilini, pamoja na amoksilini. Kuna dawa zenye salfa, hasa kotrimoksazoli ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin. Kuna dawa za kifafa: karbamazepini, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini. Kuna nevirapini miongoni mwa dawa za HIV, alopurinoli inayotumiwa na wenye ugonjwa wa jongo, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Dawa za mitishamba nazo hazijasamehewa. Mmea una kemikali zake, na ngozi haibagui kilichotoka kiwandani na kilichochimbwa msituni.

Vipele vya dawa havifanani

Muda uliopita tangu dawa ianze kutumiwa humsaidia sana mhudumu wa afya kutambua tatizo.

Aina ya kwanza hutokea upesi, ndani ya dakika au saa chache. Ngozi huvimba kwa mabaka yaliyoinuka yanayowasha sana, kama mtu aliyeguswa na upupu. Mabaka hayo huhama: hapa yanapotea, pale yanatokea. Yakibaki hivyo, mara nyingi hutulia kwa dawa za mzio. Yakiandamana na uvimbe wa midomo au ulimi, kukohoa, kupumua kwa shida au kizunguzungu, hiyo ni dharura. Mgonjwa anahitaji sindano ya adrenalini mara moja, na inachomwa pajani.

Aina ya pili ndiyo iliyo ya kawaida zaidi. Hutokea kati ya siku ya 4 na ya 14. Vipele vidogo huanzia kifuani na mgongoni, kisha hushuka mikononi na miguuni, pande zote mbili za mwili. Huwasha, na huenda mgonjwa akawa na homa kidogo. Aliyewahi kupata mzio wa dawa hiyohiyo huweza kutokwa na vipele mapema zaidi, siku ya kwanza hadi ya tatu. Vipele vya aina hii huisha ndani ya wiki moja au mbili baada ya dawa kuondolewa, na ngozi huambuka kidogo.

Aina ya tatu ni baka moja au machache ya mviringo, yenye rangi nyeusi inayoelekea zambarau, ambayo hurudi palepale kila dawa ileile inapomezwa. Mara nyingi hukaa mdomoni, mkononi au sehemu za siri. Likipona huacha alama nyeusi kwa miezi mingi. Wapo waliotibiwa magonjwa ya zinaa mara kadhaa bila nafuu, kumbe chanzo kilikuwa tembe za Septrin walizokuwa wakinunua kila walipoumwa na tumbo.

Aina ya nne ni nadra, lakini ndiyo inayoua. Huitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, kutokana na madaktari wawili wa watoto wa Marekani, Albert Stevens na Frank Johnson, walioueleza mwaka wa 1922. Huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 baada ya dawa kuanzishwa. Mgonjwa huhisi kama ana mafua: homa, koo linauma, macho yanawasha. Kisha ngozi huanza kuuma, halafu hutoa malengelenge na kuchubuka kama iliyoungua kwa maji ya moto. Midomo hupasuka, mgonjwa hushindwa kumeza hata mate, na macho hujaa usaha. Ngozi iliyochubuka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hufariki. Ikizidi asilimia 30, hufariki takriban 3 kati ya 10, na wakati mwingine zaidi. Wanaopona huweza kubaki na makovu machoni yanayopunguza uwezo wa kuona.

Kwa watu kwa jumla, ugonjwa huu huwapata wachache tu katika kila milioni moja kwa mwaka. Kwa wanaoishi na HIV, hatari hiyo huwa kubwa mara nyingi zaidi.

Dalili za kukimbilia hospitali, hata kama ni usiku

- Uvimbe wa uso, midomo au ulimi, au kupumua kwa shida.
- Vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri vikiandamana na vipele.
- Ngozi inayouma badala ya kuwasha tu.
- Malengelenge, au ngozi inayochubuka ikiguswa.
- Homa kali, tezi zilizovimba, au macho kuwa ya manjano.
- Vipele vinavyoenea haraka mwili mzima.

Mwenye dalili mojawapo kati ya hizi asimeze kipimo kinachofuata cha dawa anayoishuku. Aende hospitali moja kwa moja, naye abebe dawa zote anazotumia, pamoja na paketi na makaratasi yake. Malengelenge yasipasuliwe. Asipakwe dawa ya meno, majivu, wala mafuta ya moto.

Dawa isiachwe kienyeji

Hapa ndipo penye mtego. Ikiwa ni vipele vya kawaida, bila dalili zilizotajwa, mgonjwa wa kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege linalofuatana bila kukatika, nalo huua. Anayetumia ARV akiacha kwa siku kadhaa, kisha akaanza tena, kisha akaacha, anawapa virusi nafasi ya kuwa sugu. Mgonjwa wa kifua kikuu naye yuko katika hatari hiyohiyo ya usugu.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa makundi haya matatu mwenye vipele vya kawaida anapaswa kufika kwenye zahanati au kituo chake siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, kabla ya kujiamulia. Mhudumu ataangalia ngozi, mdomo na macho, kisha ataamua kama dawa iendelee kwa uangalizi au ibadilishwe. Kwa kifafa, uamuzi wa kubadilisha unahitaji ujuzi, maana karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinakaribiana kimaumbile. Aliyedhuriwa na moja yaweza akadhuriwa na nyingine, kwa hivyo huhamishiwa dawa ya kundi jingine.

Wajawazito nao wana jambo la kuzingatia. Dawa ya kukinga malaria inayotolewa kliniki ina salfa. Mama aliyewahi kupata mzio wa Septrin au wa dawa nyingine yenye salfa amwambie muuguzi kabla ya kuimeza. Vilevile mama anayeishi na HIV na ambaye humeza Septrin kila siku hapaswi kuongezewa dawa hiyo, kwa kuwa salfa itakuwa imezidi. Yeyote aliye katika hali hii na ana shaka asione haya kuuliza.

Kenya ilivyochangia funzo hili

Kuripoti vipele kumewahi kuokoa maisha ya watu wengi, na ushahidi ulitoka papa hapa nchini. Miaka ya themanini, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa ya bei nafuu iliyoitwa thiasetazoni. Virusi vya HIV vilipoenea, wahudumu waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wakichubuka ngozi na kufariki. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 1991 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba madhara hayo ya ngozi yaliwapata wagonjwa wenye HIV mara nyingi zaidi kuliko wasio na virusi hivyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo isitumiwe kwa wagonjwa wenye HIV, na hatimaye dawa nyingine zikachukua nafasi yake.

Funzo hilo lilitokana na watu kuangalia ngozi, kuandika walichokiona na kulinganisha. Kama kila mgonjwa angekaa nyumbani na vipele vyake, huenda dawa hiyo ingeendelea kutumiwa kwa muda mrefu zaidi.

Ukurutu si upele wa dawa

Wazazi wengi huwafikisha watoto wao kliniki wakidai dawa fulani imeharibu ngozi, kumbe mtoto ana ukurutu. Magonjwa haya mawili yanaweza kutofautishwa.

Ukurutu huanza utotoni, mara nyingi kabla ya miaka mitano. Kwa mtoto mchanga huonekana mashavuni. Anapokua huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Huja na kuondoka kwa miezi na miaka, na mara nyingi katika ukoo huo kuna mwenye pumu au mafua ya mzio. Upele wa dawa huja ghafla baada ya dawa, huenea kifuani na mgongoni, kisha huisha dawa inapoondolewa.

Kwenye ngozi nyeusi, ukurutu hauonekani mwekundu kama vitabu vingi vinavyoeleza. Huonekana kijivu, au mweusi kuliko ngozi ya kando, na mara nyingi huwa na vipele vidogovidogo. Baada ya kupona huacha mabaka meusi au meupe ambayo si ugonjwa tena, nayo hufifia polepole. Mzazi asiyejua hili huendelea kupaka dawa kali kwenye alama isiyohitaji dawa.

Ukurutu hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu anaweza kulala na wenzake, kuogelea nao na kukaa nao darasani. Si urogi, na si uchafu wa mama.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo ukurutu na dawa hukutana. Dawa za kupaka zenyewe zinaweza kuleta ukurutu pale zinapopakwa. Neomaisini, iliyomo katika marhamu nyingi za vidonda, inajulikana kwa hilo: kidonda kinapona, lakini ngozi inayokizunguka inazidi kuwasha na kutoa maji. Kwa wazee, dawa fulani za shinikizo la damu, kama zile za jamii ya amlodipini na baadhi ya zile zinazoongeza mkojo, zimehusishwa na ukurutu unaokuja baada ya miezi mingi ya kuzitumia. Mzee anayewashwa mwili mzima bila sababu aonyeshe orodha ya dawa zake, hata zile alizozizoea. Wala asiache dawa ya presha kabla ya kuonana na mhudumu.

Krimu zinazodanganya

Krimu za steroidi ni tiba nzuri ya ukurutu zikitumiwa vizuri. Hupakwa kidogo, mahali penye ugonjwa tu, kwa siku zilizotajwa. Kipimo rahisi ni kiasi cha krimu kinachotosha kutoka kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada cha mtu mzima hadi ncha yake. Kiasi hicho kinatosha eneo linalolingana na viganja viwili vya mtu mzima.

Shida huanza krimu kali zinapouzwa bila karatasi ya daktari. Krimu zenye klobetasoli au betamethasoni hununuliwa kutibu kila aina ya upele, na wengine huzipaka usoni ili wang'ae. Mwanzoni ngozi hupendeza. Baadaye huwa nyembamba, mishipa huonekana, chunusi hujaa na nywele huota zisipotakiwa. Mtu akijaribu kuacha, uso huwaka na kuvimba, akarudi kwenye krimu ileile. Kwa mtoto, krimu kali ikipakwa eneo kubwa kwa muda mrefu hupenya hadi ndani ya mwili na inaweza kudumaza ukuaji wake.

Aidha, mwenye mashilingi akipaka steroidi, mwasho hupungua, lakini ukungu unaosababisha ugonjwa huo hunawiri na kuenea. Sura ya ugonjwa hubadilika kiasi kwamba hata mhudumu hupata shida kuutambua. Ndiyo maana swali la kwanza kliniki huwa: umepaka nini kufikia sasa? Mgonjwa ajibu kwa ukweli. Hakuna atakayemfukuza.

Kuitunza ngozi yenye ukurutu

Ngozi ya mwenye ukurutu ni kama ukuta wenye nyufa. Maji hutoka, na vumbi, jasho na sabuni huingia. Kazi kubwa ya kila siku ni kuziba nyufa hizo.

Mtoto aogeshwe kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi, na kwa sabuni isiyo na manukato. Asisuguliwe kwa dodoki wala jiwe. Afutwe kwa kugongagonga taulo taratibu, kisha, kabla ya dakika tatu kupita, apakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato mwili mzima. Mafuta hayo yanapatikana kwa bei nafuu, na yanafaa kupakwa mara mbili au zaidi kwa siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Kama kuna krimu ya steroidi, mhudumu ataeleza ipakwe lini.

Katika majira ya kaskazi, joto na jasho huzidisha mwasho. Nguo nyepesi za pamba husaidia, na mtoto aliyecheza juani aoshwe jasho kwa maji safi. Kucha zikatwe fupi. Mahali palipokunwa pakianza kutoa usaha au ukoko wa manjano, ngozi imeingiwa na bakteria na inahitaji matibabu. Wafuaji nguo, wasusi, na mafundi wanaoshika simiti huweza kupata ukurutu wa mikono. Glavu na mafuta baada ya kazi huwasaidia wengi wao kuendelea na riziki yao.

Mgonjwa afanye nini

Kwanza, ajue majina ya dawa anazomeza. "Tembe nyeupe kubwa" si jina. Paketi ihifadhiwe, au jina liandikwe kwenye kitabu cha kliniki.

Pili, aliyepata mzio aombe dawa hiyo iandikwe wazi kwenye kitabu chake, pamoja na tarehe na maelezo ya kilichotokea. Maelezo haya ni muhimu kwa sababu si kila aliyeambiwa ana mzio anao kweli. Mtoto mwenye homa ya virusi akipewa amoksilini na akatoka vipele, mara nyingi vipele ni vya virusi. Tafiti katika nchi kadhaa zimeonyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 walioandikiwa kuwa na mzio wa penisilini huonekana kuistahimili wanapopimwa na wataalamu. Upimaji huo hufanyika hospitalini. Usijaribiwe nyumbani, na aliyewahi kuchubuka ngozi au kutoka malengelenge asiijaribu tena dawa hiyo maishani.

Tatu, dawa zisigawanwe. Nusu ya dozi ya jirani iliyobaki kabatini ndiyo huleta vipele ambavyo hakuna anayejua vilitoka wapi.

Nne, madhara yaripotiwe. Nchini Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea ripoti za madhara ya dawa kwa fomu ya rangi ya manjano au kupitia mtandao. Wahudumu wa afya wana wajibu wa kuijaza, na mwananchi pia anaruhusiwa kuripoti. Dawa inayoshukiwa kuwa bandia au mbovu ina fomu yake ya rangi ya waridi. Ripoti hizo huunganishwa na za nchi nyingine katika mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa mwaka wa 1968, baada ya dawa ya thalidomaidi kusababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na ulemavu katika nchi mbalimbali. Si lazima mtu awe na uhakika kwamba dawa ndiyo iliyomdhuru. Kushuku kunatosha.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba vijijini, kuanzia Ganze na Magarini hadi Kaloleni na Rabai, wanaweza kuulizwa swali la ngozi kama wanavyoulizwa kuhusu homa au chanjo. Pale wanapoona dalili za hatari, watamwelekeza mgonjwa kwenye kituo kinachofaa. Kwa aliyeanza dawa mpya mwezi huu, hasa ya kifafa, ya HIV au yenye salfa, wiki nne za kwanza ndizo za kuangalia ngozi, mdomo na macho kila asubuhi.